Akiba Ndani ya Mshono

4 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Barua yako imefika, na kile kipande cha kitambaa cha harusi nacho kimefika. Rangi nimeipenda. Kwa hiyo binti yetu anaolewa kweli! Juzi tu alikuwa analala ndani ya kapu la vitambaa chini ya cherehani yako, na ukinyamaza kushona anaamka analia.

Mimi niko salama. Tanuri linanichoma kama kawaida, unga unaniingia puani kama kawaida, na wateja wananinunia kama kawaida mkate ukichelewa.

Nina ombi. Kuna mwenzangu hapa kiwandani, tunakanda naye unga, amekiona kitambaa chako akakitamani. Nimemwambia mdogo wangu ni fundi wa kutajwa. Basi mshonee gauni. Nimempima kwa uzi, mafundo kwa mpangilio ule ule aliotufundisha Mama, na uzi wenyewe umo ndani ya bahasha. Langu usihangaike nalo, lile la mwaka juzi bado linanifaa.

Na usiniulize kwa nini sipigi simu. Mama alisema simu husema haraka na barua husema yote. Isitoshe, wewe ukishika simu unaguna tu.

Msalimie wifi.

Dada yako,
Mama Mikate


19 Machi

Dada,

Umenidanganya, tena kwa uzi.

Niliutandaza juu ya meza ya kukatia. Bega kwa bega, kifua, kiuno, nyonga. Nikasema haya, ni mwanamke mwembamba, mrefu wa kadiri. Kisha nikafika kwenye yale mafundo mawili ya mwisho, yanayopima kutoka kiunoni kupanda mpaka begani, kushoto na kulia. La kulia limepungua upana wa kidole.

Mimi nakushonea tangu nilipojua kushika mkasi. Kila gauni lako nalishusha bega la kulia upana wa kidole, kwa sababu ya magunia ya unga uliyolibebesha bega hilo tangu ujana wako. Na kipimo cha bega kwa bega ni kile kile, hakijasogea hata ukucha. Mtu hunenepa na kukonda, lakini mifupa haihami. Ulidhani unamwandikia fundi wa kushona magunia?

Hakuna mwenzako wa kiwandani. Huyu mwanamke ni wewe. Na kama ni wewe, nusu yako imekwenda wapi?

Nilikaa chini, Dada. Unajua nilichokiona. Nilimwona Mama. Alianza hivi hivi: kiu, halafu mguu ukafa ganzi, halafu nguo zikaanza kumning'inia, na mimi ndiye niliyekuwa nazipunguza. Kila mwezi nausogeza mshono ndani kidogo. Kitambaa kilichozidi sikukikata. Niliacha akiba, nikijiambia atanenepa tena, nitafumua, gauni litarudi kama lilivyokuwa. Tulimzika na akiba ile ikiwa bado imo ndani.

Sasa niambie ukweli, maana mficha maradhi kilio humuumbua. Ni kisukari? Unakwisha?

Gauni silishoni mpaka unijibu.

Sindano


2 Aprili

Mdogo wangu,

Umenikamata. Bega! Nilikumbuka kila kitu nikalisahau bega.

Ndiyo, ni kisukari, aina ya pili, kama cha Mama. Sasa vuta kiti, na usome mpaka mwisho kabla hujaanza kulia, maana nakujua.

Mwaka jana nilikuwa nimesimama kando ya tanuri nikasikia harufu ya kuungua. Nikasema mikate imeharibika. Nikafungua tanuri, mikate mizima, tena mizuri. Nikazunguka, nikanusa huku na huku, nikamfokea mkandaji. Halafu nikatazama chini. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeegemea trei ya moto niliyoitoa muda ule. Harufu ilikuwa yangu mwenyewe. Mguu unaungua na mimi nimesimama juu yake natafuta mkate! Maumivu sikuyasikia hata kidogo.

Kidonda kile kilikaa miezi. Daktari wangu ni mwanamke mdogo, ana sauti ya chini, hacheki. Akasema vidonge havitoshi tena, kinachofuata ni sindano za insulini, na kidonda kisipofunga tutazungumza habari ya kukata kidole. Kisha akaniuliza ninakula nini asubuhi. Nikasema mkate. Mchana? Mkate na soda, kazini hakuna nafasi. Jioni? Wali, na kipande cha mkate cha kusukumia. Akaweka kalamu chini, akanitazama.

Alinieleza kwamba mwili wangu umeshindwa kuhimili wanga, na kila mkate ninaokula unageuka sukari na kubaki kwenye damu. Akasema ipo njia, ingawa haimfai kila mtu na si ya kujifanyia peke yako: tuupunguze wanga uwe kidogo sana, uzito ushuke, yeye anipime mara kwa mara, na dawa aziguse yeye, si mimi.

Fikiria, mwokaji mikate aambiwe asile mkate. Ni sawa na wewe uambiwe kuanzia kesho utembee uchi.

Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma, nikagombana na kila mtu mpaka paka wa kiwandani akahama. Nikawa nakula mayai, mboga za majani, samaki, nyama, parachichi, na karanga kidogo kiganjani. Nilichohofia zaidi ni kazi. Nitajuaje mkate umeiva kama siuonji? Kumbe ukiugonga kwa chini, mkate ulioiva unaitika. Miaka yote hiyo ulikuwa unaitika, mimi nina mdomo umejaa, sisikii.

Halafu, ndugu yangu, yakaanza maajabu. Kiu ikakata. Nikaanza kulala mpaka asubuhi bila kwenda chooni. Vipimo vikashuka, daktari akaniondolea kidonge kimoja, baadaye kingine, na insulini haikutajwa tena. Kidonda kikafunga. Kidole ninacho, kinakusalimu. Kilo zimekwenda sijui wapi na wala sizitafuti. Kuna asubuhi naamka najipapasa mbavu, nashangaa kama mtu aliyekabidhiwa nyumba ya jirani.

Mguu bado umelala, hausikii kitu. Daktari hakuniahidi kitu. Anasema mishipa ya fahamu huchukua muda, na mingine hairudi. Wala hasemi nimepona. Anasema sukari imetulia, na nikiurudia mkate nayo itanirudia.

Sikukwambia kwa sababu nilijua utamwona Mama. Mama alikonda kwa kuwa sukari ilikuwa inammaliza. Mimi nimekonda kwa kuwa nimeacha kuilisha. Kwa nje tunafanana, lakini si kitu kimoja.

Shona gauni. Nataka kucheza harusini.

Mama Mikate


28 Aprili

Dada,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Maneno ni mazuri. Mama naye alikuwa na maneno mazuri, kila siku alikuwa anaendelea vizuri.

Gauni ni hili hapa, nimefuata uzi wako. Lakini ndani nimeacha akiba, vidole viwili kila upande, kwa sababu najua utarudi kuwa dada yangu ninayemjua. Humo kwenye kifurushi nimeweka pia kopo la asali, maziwa ya unga na biskuti za siagi. Ule. Daktari si lazima ajue.

Mimi sijambo. Joto la mwaka huu tu limezidi, nashinda na chupa ya soda kando ya cherehani, ikiisha naagiza nyingine, na kiu iko pale pale. Usiku nazunguka na mlango wa choo kama mlinzi. Na ile miwani niliyouziwa ni ya kitapeli: asubuhi inaona, jioni haioni. Gauni la binti sijalianza, nasubiri miwani nyingine. Unakumbuka nilimwahidi siku aliyozaliwa kwamba gauni lake la harusi nitalishona kwa mkono wangu, na hata tundu la kifungo hatalipitisha mtu mwingine. Sasa si wakati wa kubahatisha.

Wifi yako anakusalimu. Kula, Dada.

Sindano


14 Mei

Mdogo wangu,

Asali nimempa mlinzi wa getini. Biskuti wamezifagia wakandaji, wanakushukuru sana na wanaomba niendelee kuumwa.

Gauni limenikaa. Nilijitazama kwenye kioo mpaka mwenye kioo akakitaka kioo chake. Kisha nikalivua nikaligeuza ndani nje, maana Mama alisema nguo haisomwi kwa nje. Akiba nikaiona, nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Mshono wa kushoto umepinda. Umepanda, ukashuka, ukarudi njiani. Karibu na kwapa umetoka kabisa kwenye kitambaa, umeshona hewa. Huo ni mshono wako wewe, uliyewahi kufumua suti nzima ya mteja kwa sababu ya uzi mmoja ambao mteja mwenyewe hakuuona!

Kiu isiyoisha. Choo usiku kucha. Macho yanayobadilika asubuhi na jioni. Mdogo wangu, miwani haina kosa. Uliusoma uzi wangu ukanikamata, na mimi nimeusoma wako. Nyani haoni kundule. Wewe unayenitumia asali ndiye unayeumwa.

Nenda kapimwe sukari. Usisubiri miwani. Ukiyapoteza macho hayo, binti atashonewa na nani?

Nakuomba. Nimepiga magoti, na kwa umbo langu la sasa naweza.

Dada yako


20 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajui kama naandika.

Barua yako ya Mei aliikunja akaiweka chini ya ule mguu wa cherehani unaocheza. Sasa cherehani imetulia, Baba hajatulia. Ukimtajia hospitali anasema kazi ni nyingi. Kazi zenyewe zinapungua. Wiki iliyopita alishona koti la mteja, mkono wa kulia akauweka kushoto na wa kushoto kulia. Mteja alipolivaa viwiko vikatazama mbele. Siku nyingine tungecheka mpaka tulie. Baba alilikumbatia koti lile, akakaa nalo.

Uzi anatungiwa na mimi na Mama kwa zamu. Anasema ni kwa sababu sisi tuna vidole vyembamba.

Nilimuuliza anaogopa nini. Akanijibu, "Bibi yako alikuwa mzima mpaka siku aliyopimwa. Ukishapimwa ndipo unaanza kukonda."

Kitambaa cha gauni langu bado kimekunjwa rafuni. Harusi ni Disemba. Nilimwambia asijali, nitanunua la dukani. Nilidhani atanifukuza na futi yake ya kupimia. Badala yake akasema, "Labda."

Shangazi, hiyo labda ndiyo iliyonishikisha kalamu. Yeye hatuamini sisi, na barua haziamini. Pengine akikuona. Njoo.

Mwanao


17 Agosti

Dada,

Basi lako limeondoka juzi, na yale niliyoshindwa kuyasema ulipokuwa hapa yamenijaa kooni. Ndiyo ninayoyaandika.

Nilikuwa mlangoni ulipotokea mwisho wa mtaa. Macho yangu hayakukujua. Niliona ukungu wa mwanamke anatembea haraka, begi mkononi, nikasema huyo ni mteja wa haraka zake. Kisha nikaliona bega la kulia lilivyoshuka. Nikashika mlango. Nilikuwa nimejiandaa kumpokea mgonjwa, hata kitanda nilikuwa nimetandika. Wewe ukaingia, ukalinyanyua lile robota la vitambaa lililoziba njia, ukaniambia, "Sogea, Sindano, hapa panapitwaje?"

Hata hapo sikuamini. Nilisema moyoni, anajikaza.

Lakini siku ya pili yake! Nilikwambia uvae gauni niutazame upindo. Ukavua viatu, jambo ambalo daktari wako amekukataza, ili upande kwenye kile kiti kifupi. Ukapiga hatua moja, ukapiga ukelele: "Mama yangu weee!" Pini ilikuwa imesimama kwenye wayo wa mguu wako wa kushoto. Nikakimbilia kuichomoa, nimejaa aibu, maana fundi haachi pini sakafuni, na mimi nilikuwa nimeiangusha bila kuiona. Wewe umeshakaa chini, machozi yanakutoka, unanishika mkono.

"Iache," ulisema. "Subiri kwanza. Inauma. Mdogo wangu, inauma!"

Sijapata kumwona mtu anayashangilia maumivu. Unacheka na kulia pamoja, binti yuko mlangoni mikono kichwani, na mimi nimepiga magoti nimekushika mguu. Mguu wa Mama niliwahi kuushika vile vile, Dada. Nilikuwa namfinya kidole kimoja kimoja, namuuliza, hapa unasikia? Ananijibu, "Kidogo, baba." Alikuwa hasikii kitu. Alikuwa ananionea huruma.

Na sasa mguu wako, uliolala juu ya trei ya moto usijue, umeamka ndani ya viganja vyangu kwa sababu ya pini. Maisha yangu yote nafumua nguo za watu na kuzishona upya, sikujua kwamba mwili nao unaweza. Nilikuwa naogopa kukutazama kumbe nilikuwa natazama muujiza, tena muujiza unaonitukana kwa kuacha pini sakafuni.

Ndiyo maana nilikufuata hospitali asubuhi yake bila ubishi. Nilidhani tunakwenda kusafisha tundu la pini, kumbe umeshanipangia foleni ya kupimwa. Dada, wewe si mtu mzuri.

Umesikia mwenyewe, sukari ilikuwa juu mpaka mpimaji akarudia kipimo. Jana nimerudi hospitali kwa daktari wa macho. Anasema nyuma ya jicho pangali pazima. Ni sukari inayovimbisha lenzi ya jicho, ndiyo maana naona asubuhi na jioni sioni. Ikitulia, huenda macho nayo yakatulia. Alisema huenda, na mimi nimeishika hiyo huenda kwa mikono miwili.

Nimeanza vidonge. Nimeanza pia chakula chako kile cha wanga kidogo, na daktari wa hapa amekubali kunifuatilia. Soda nimeiaga. Kichwa kinauma na nimeigombeza cherehani, maana paka hatuna.

Niambie habari za mguu.

Sindano


1 Septemba

Mdogo wangu,

Tundu la pini lilifunga upesi, hata kovu sioni. Daktari alinikaripia sana habari ya viatu. Alipomaliza kukaripia akaniomba nimwonyeshe palipouma. Akapagusa kwa kitu chenye ncha, nikaruka nusura niangushe dawa zake. Yule asiyecheka alicheka! Akanigusa tena, nikaruka tena, akamwita mwenzake aje aone. Vidole viwili bado vimelala, lakini wayo umeamka. Jana nimesimama kiwandani nikasikia joto la sakafu kupitia soli ya kiatu, nikaacha kazi kidogo nikalisikiliza.

Wewe vumilia. Wiki hizi za kwanza ndizo zenye adabu mbaya. Dozi usiiguse mwenyewe hata ukijisikia simba, mwachie daktari. Na ukitamani mkate, niandikie mimi. Hakuna mtu duniani anayekuelewa zaidi.

Dada yako


25 Novemba

Dada,

Leo nimetunga uzi.

Wifi yako alikwenda sokoni, binti hayupo, na mimi nina sindano mkononi. Nilitaka kuwasubiri kama kawaida. Kisha nikaulamba uzi, nikafumba jicho moja kwa mazoea, nikatazama. Tundu lilikuwa pale. Limetulia, lina kingo zake, unaona hadi mwanga upande wa pili. Uzi ukapita mara ya kwanza. Nikauchomoa nikautunga tena, isije ikawa nimebahatisha. Ukapita. Wifi yako aliporudi alinikuta natunga na kuchomoa, natunga na kuchomoa, uso umelowa machozi, akadhani njaa imenipanda kichwani.

Daktari amefurahi, ingawa naye ni kama wako, hataki kusema nimepona. Vidonge bado nameza. Sawa. Mimi naona tundu la sindano, aseme anavyotaka.

Gauni la binti limebaki vifungo. Ni vingi na ni vidogo, kila kimoja na tundu lake, na yote nayashona mwenyewe. Jana alilivaa kujaribu. Wifi yako alimzunguka mara mbili akitafuta kasoro, akaikosa.

Mtaani wananong'ona, wanasema fundi anakwisha. Jirani mmoja aliniletea kopo la asali, na macho yamemjaa huruma. Nikakukumbuka, nikacheka mbele yake bila adabu.

Suruali zangu zote zimekuwa za mtu mwingine. Juzi nilikaa kuzipunguza. Nikasogeza mshono ndani, nikakikunja kile kitambaa kilichobaki nikifiche kama ninavyofanya siku zote, mkono ukasita. Nilijiuliza ninamwekea nani. Nikachukua mkasi, nikakata.

Gauni lako bado lina vidole viwili kila upande. Nililishona hivyo nikimsubiri dada yangu arudi. Lakini aliyetokea mwisho wa mtaa siku ile, akanisogeza mlangoni, akalia kwa furaha juu ya pini, ndiye yeye. Alikwisharudi, mimi ndiye niliyechelewa kumwona.

Basi njoo siku moja kabla ya harusi, na gauni ulilete. Utapanda kwenye kile kiti kifupi, viatu miguuni, maana nimefagia lakini pini hazina dini. Nitaligeuza ndani nje nitoe ile akiba yote. Ya Mama niliiacha kwa sababu nilikuwa naogopa, na hata yako niliiacha kwa woga ule ule.

Sasa siogopi, Dada. Nitakata.

Mdogo wako,
Sindano